Ushuru ni sifuri, mbona mahindi yetu yanakwama Busia?

#1 MamaWaNafaka (Bugiri)
Habari zenu. Naomba mnieleweshe jambo, maana maelezo ya watu wa ofisini nimeyachoka.

Tangu 2005 tuna Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Tangu 2010 tuna na Soko la Pamoja. Tunaambiwa kitu kilichozalishwa Uganda kikienda Kenya hakitozwi ushuru wa forodha. Haya. Mimi nanunua mahindi hapa Bugiri na Namayingo, kwa watu ninaowajua kwa majina, nachambua, najaza magunia, nakodi lori mpaka Busia, mpakani na Kenya. Msimu uliopita lori langu likazuiwa upande wa pili. Afisa mmoja alichoma magunia machache ya pembeni kwa bomba la sampuli akaenda zake. Kesho yake naambiwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, imezidi. Karatasi ya majibu sikuonyeshwa. Dereva anadai pesa ya kulala, mwenye yadi anadai yake. Jioni akaja dalali nisiyemfahamu, lakini yeye alikuwa anajua kila kitu cha lori langu: uzito, bei niliyonunulia, hata jina la ajenti wangu. Akanitajia bei ya kutupa. Ningefanya nini? Nikauza. Asubuhi mahindi yale yale yanapakuliwa Busia ya Kenya.

Sumukuvu ilikwenda wapi usiku ule? Na kama ushuru ni sifuri, nani anayetuzuia na anapata nini?

#2 TaniboiWaZamani (Tororo)
Pole sana mama. Siku hizi naendesha lori mwenyewe, mipaka ya Malaba (Kenya) na Elegu (Sudan Kusini). Nikibeba saruji napita. Nikibeba chakula, kila mwenye koti ana swali.

#3 KijanaWaMbale
Mbona jibu liko wazi? Siasa za Kenya. Wakulima wa Kitale na Uasin Gishu ni kura, na mahindi yetu yakiingia bei yao inashuka. Angalia orodha: 2017 kuku na mayai yetu yakapigwa marufuku. Januari 2020 maziwa yetu yakakamatwa. Machi 2021 mahindi yetu na ya Tanzania yakafungiwa. Machi 2023 maziwa ya unga. Kila kitu tunachozalisha kwa wingi na kwa bei nafuu ndicho kinachopatikana na ugonjwa. Kahawa mbona haina ugonjwa? Kwa sababu kahawa haishindani na mpiga kura wao.

#4 FundiForodha (Kampala)
Kijana, twende polepole. Zuio la mahindi la 2021 lilitangazwa Machi 5, na kufika Machi 10 wakaliondoa wakaweka masharti badala yake: mwingizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu, na uwe na cheti cha asili ya bidhaa. Kwa hiyo kisheria mahindi hayajafungiwa. Na kuku wa 2017 hukumtendea haki jirani: homa ya mafua ya ndege ilikuwepo kweli, ilianza kuonekana kwa ndege pori upande wa Entebbe. Lawama halali ni kwamba ugonjwa uliisha na zuio likaendelea kukaa.

Mama, kiwango cha Jumuiya cha mahindi ni kimoja kwa nchi zote: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Kenya haikutunga hicho peke yake, Uganda ilikuwa mezani. Tena kuna sheria ya Jumuiya ya 2006 ya viwango na vipimo inayotaka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Tatizo ni kwamba mkulima wa Namayingo hana alama yoyote ya kutambuliwa.

Halafu jambo la sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache za kona moja zinaweza kuwa na sumu kali na gunia zima likawa safi. Ukichoma magunia machache ya pembeni unaweza kuonea mzigo mzuri, au kupitisha mbaya. Utaratibu ni kuchukua sehemu nyingi za lori, kuchanganya, ndipo upime. Ulikuwa na haki ya kuiona ile karatasi.

#5 MkulimaKiryandongo
Nimesoma #3 na #4. Mimi ni mkulima na nitasema ambalo wenzangu hawapendi: mahindi mengi yanayotoka huku hayajakauka.

Mavuno yetu ya kwanza yanaanza Juni kwenda Agosti, na huko mbele mvua za pili zinasubiri. Watu wanavuna mapema kwa sababu ya wezi na ada za shule. Wanamwaga chini, kwenye udongo au kando ya lami. Mvua ikinyesha usiku wanakusanya mbio na kurundika ndani mahindi yakiwa na joto. Hapo ukungu ndio unapoanza. Anakuja mchuuzi na mizani yake, hapimi unyevu, kwani mahindi mabichi ni mazito na yeye anauza kwa kilo huko mbele.

Njia ya kupima bila mashine ipo, nimeitumia kwenye kikundi chetu. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia chumvi kavu kidogo na mahindi hadi karibu nusu, unafunga, unatikisa vizuri, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Chumvi ikirudi chini na kuacha kioo kisafi, yanaweza kuhifadhiwa. Haikupi namba ya kumwonyesha afisa, lakini inakuzuia kujaza gunia la hasara. Mama wa Nafaka, watu wako wa Bugiri wanafanya hivyo kabla hujalipa?

#6 BungomaKwetu
Hamjambo majirani. Nasoma kutoka upande wa Kenya na mtanivumilia. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Jambo hilo halijasahaulika. Waziri yeyote wa Kenya akisikia sumukuvu anaogopa kuwa yeye ndiye aliyesaini. Si kila afisa anayekataa mahindi ya Uganda ana mkulima wa Kitale mfukoni.

Na miezi ya uhaba wa chakula hapa mnaijua. Mavuno ya Kitale yanaanza Oktoba. Kati ya Juni na Septemba unga wetu unatokana sana na mahindi yenu. Bila Busia na Malaba sisi wa magharibi tungekula nini miezi hiyo? Kwa hiyo hadithi ya kwamba Kenya haitaki mahindi yenu mimi siikubali. Tunayahitaji.

#7 MamaWaNafaka (Bugiri)
#5, chupa nitaijaribu, asante. Ila mzigo ule ulikauka. Nilikuwa na turubai na niliyalipia.

#6 ndugu yangu, asante kwa kuja. Lakini mahindi ya Makueni na Kitui ya 2004 yalikuwa ya nani? Yalilimwa pale pale. Ugonjwa hauulizi pasipoti. Na umesema mwenyewe kwamba Juni hadi Septemba mnayahitaji. Basi yale yanayozuiwa mchana kwa sumu na kuingia usiku kwa njia za panya, nani anayapima? Mtoto wa Bungoma anakula mahindi ambayo hayajapimwa na mtu yeyote, na mimi nimepoteza mtaji. Kama lengo ni afya, afya imelindwa wapi?

#8 BungomaKwetu
Hapo umenishika. Kwa kweli hilo la usiku sina la kulitetea.

#9 MzeeWaBombo
Wajukuu, mnazungumza kana kwamba jambo hili limeanza 2021. Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917. Jumuiya ya kwanza ilizinduliwa 1967, nchi tatu, shirika moja la reli, la ndege, la posta, la bandari. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa reli. Kichwa cha treni kikiharibika hapakuwa na mtu wa kuuliza ni cha nchi gani.

Ikavunjika 1977. Watu husema ni Amin. Amin alichangia: baada ya mapinduzi ya 1971 Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na marais watatu wasipokutana hakuna uamuzi. Lakini mzizi ulikuwa mkongwe zaidi. Viwanda vilijaa Nairobi. Mwaka 1964 walikubaliana hapa Kampala wagawane viwanda, makubaliano hayo Kenya haikuyaridhia. Mkataba wa 1967 ukaruhusu Uganda na Tanzania kutoza kodi maalumu bidhaa za viwanda kutoka Kenya ili nao wanyanyuke. Haikutosha. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mali na madeni yalikuja kugawanywa 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Baba alingoja mafao yake miaka mingi.

Ninachosema: nchi ikiona mwenzake anafaidi kuliko yeye, itatafuta sababu. Zamani sababu ilikuwa kodi. Leo kodi imekatazwa, basi sababu ni sumukuvu.

#10 KijanaWaMbale
Mzee, heshima zako. Lakini si ndiyo ninayosema mimi #3? Kenya ndiyo iliyofaidi zamani na ndiyo inayofaidi leo.

#11 FundiForodha (Kampala)
Kijana, leo si kama zamani. Umoja wa Forodha ulipoanza 2005, bidhaa zetu ziliingia Kenya bila ushuru siku ile ile, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa kuja huku, zikianzia asilimia 10 na kushuka kila mwaka hadi 2010. Tulipewa miaka mitano ya kujipanga, na tulijipanga: chuma, saruji, sabuni, maziwa, sukari. Ndiyo maana sasa kuna kelele. Nchi isiyouza kitu haizuiliwi.

Na Uganda nayo si malaika. Kwa miaka mingi tulikataa nyama ya ng'ombe ya Kenya kwa hoja ya kichaa cha ng'ombe. Kila Juni, bajeti zikisomwa, kila nchi inapeleka maombi yake ya kutoka kwa mwaka mmoja kwenye ushuru wa pamoja wa bidhaa za nje ya Jumuiya: hii inataka kutoza zaidi mchele, ile ngano kidogo, nyingine vitenge. Viwango vya pamoja vilikuwa vitatu, 0, 10 na 25. Tangu Julai 2022 kimeongezwa cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Jumuiya inaweza kujitosheleza. Maombi ya kipekee hayajaisha. Kama kila mtu anatoza lake kwa mzigo wa nje, basi mpakani kwetu afisa analazimika kuuliza: hiki kilitoka kwenu kweli, au kiliingia kwenu kwa bei rahisi kikabadilishwa gunia?

#12 MuwaWaBusoga (Jinja)
Fundi umegusa kidonda. Sukari! Mimi ni mkulima wa miwa. Kiwanda kikikosa soko Kenya, miwa yangu inakauka shambani na bei ya tani inaanguka.

Kenya ilituambia mara ngapi kwamba sukari yetu ni ya Brazil imefungwa upya? Walikuja wataalamu wakakagua viwanda wakaona miwa kwa macho. Kukawa na maelewano ya marais 2019 ya kupokea tani 90,000 kwa mwaka. Bado vibali vinatoka kwa mafungu, vinachelewa, vinakatwa. Sasa niambieni, katika soko moja kuna kibali cha nini? Bugiri hawaombi kibali kupeleka sukari Gulu.

#13 BungomaKwetu
Muwa, nami kwetu ni nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianguka mbele ya macho yetu, na mji ukaanguka nacho. Kenya ilikuwa chini ya kinga ya sukari ya COMESA, soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi Novemba 2025, ikiongezwa kila ilipoisha, ili viwanda vijirekebishe. Ukifungulia sukari yote ya bei rahisi leo, mkulima wa Nzoia anakufa kabla hajajirekebisha. Mkulima wa miwa wa Busoga na wa Bungoma wanagombana, na wote wawili ni maskini.

#14 MuwaWaBusoga (Jinja)
Kinga ya COMESA ilikuwa ya COMESA. Sisi na ninyi tuko pia Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Arusha inasema sifuri. Mbona mkitaka kuleta vigae na mafuta ya kupikia mlikuwa mnakumbuka Arusha, sisi tukileta sukari mnakumbuka COMESA? Na miaka zaidi ya ishirini ya kujirekebisha haikutosha?

#15 ViaziKabale
Nyie mnalia na sumukuvu na vibali. Sisi wa Katuna, mpakani na Rwanda, tulifungiwa mpaka mzima. Mwisho wa Februari 2019 malori yakaambiwa yazunguke Mirama Hills kwa sababu kituo cha Gatuna kinajengwa. Watu tukaamini ni ujenzi. Halafu ikaja kwamba Wanyarwanda wasivuke, halafu kila kitu kikasimama. Kigali ikasema raia wake wanakamatwa Uganda, Kampala ikasema kuna wapelelezi. Wakakutana Luanda, wakatia saini Agosti 2019, mpaka ukabaki vile vile. Ulifunguliwa Januari 31, 2022.

Kiazi cha Kabale kilikuwa kinaliwa Kigali asubuhi kikichimbwa jana. Mji wa Katuna ulikufa: nyumba za wageni tupu, wabeba mizigo wakarudi kulima vipande vya milimani. Hakuna sheria yoyote ya Arusha iliyofungua mpaka ule. Ulifunguliwa kwa ziara na simu za wakubwa. Kwa hiyo mimi naona mnapoteza muda kubishana juu ya viwango vya unyevu. Wakubwa wakielewana mahindi yanapita hata yakiwa mabichi, wasipoelewana hayapiti hata yakichemshwa.

#16 FundiForodha (Kampala)
ViaziKabale, uchungu wako ni halali, lakini Katuna na Busia si jambo moja. Katuna lilikuwa la usalama. Busia wakubwa wanaelewana vizuri, wanapigana picha, na mahindi bado yanakwama. Hapo ndipo penye fumbo.

#17 TaniboiWaZamani (Tororo)
Mnasahau kaskazini. Mimi naona Kenya inatusumbua kwa sababu tumeizoea. Elegu mpaka Juba ndiko pesa ya mahindi na unga iko. Lakini nako 2023 malori ya mahindi yetu yalizuiliwa Nimule kwa sumukuvu hiyo hiyo, madereva walikaa juani na mzigo unaoza. Mara kadhaa tumegoma Elegu kwa sababu ya wenzetu kuuawa barabarani. Sudan Kusini iko ndani ya Jumuiya tangu 2016. Barabarani sijaona tofauti: kizuizi, pesa, kizuizi, pesa.

#18 BweraKasindi
Na Kongo je? Tangu iingie Jumuiya 2023 watu walidhani mpaka wetu wa Mpondwe utafunguka. Sisi tunauza unga, samaki wakavu, saruji, vyombo vya plastiki. Mkongomani ananunua na analipa taslimu kwa dola.

#19 MzeeWaBombo
Kongo ilikubaliwa 2022, mjukuu. Marais walisaini Aprili, ikawa mwanachama kamili Julai. Somalia ndiyo iliyokubaliwa Novemba 2023 na kukamilisha Machi 2024. Sasa ni nchi nane.

#20 BweraKasindi
Sawa mzee, 2022. Mwaka huo huo Juni mji wa mpakani wa Bunagana ukachukuliwa na waasi wa M23, na njia ya Kisoro kwenda Rutshuru na Goma ikawa ya mtutu. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Kwa hiyo Kongo imeingia Jumuiya kwa karatasi, forodha yake inaendelea kutoza kwa desturi zake. Hata hivyo mzigo wangu unaopita Kasindi haujawahi kurudishwa kwa viwango. Unarudishwa kwa risasi, au kwa pesa ya mezani. Nikisoma ya Busia, nasema bora wenye shida ya karatasi.

#21 MamaWaNafaka (Bugiri)
BweraKasindi, Mungu awalinde huko. Lakini usiseme "bora." Mtaji ukienda umekwenda, uchukuliwe kwa bunduki au kwa karatasi. Ada ya watoto inadaiwa vile vile.

#22 MutukulaMtz
Poleni ndugu zangu wa Uganda, na kwetu karibuni. Mutukula, mpakani kwetu Tanzania, hakuna fujo kama za Busia. Mchele wa Kahama na Shinyanga unapita, ndizi zenu zinakuja. Jaribuni njia ya Dar.

#23 KijanaWaMbale
Karibuni wapi, mwana? Julai 2025 si ni nyinyi mlitoa amri ya kukataza wasio raia kufanya biashara 15, kutengeneza simu, saluni, huduma za pesa kwa simu? Soko la Pamoja linasema mtu wa Afrika Mashariki akafanye kazi popote. Binamu yangu alikuwa na kibanda cha simu Bukoba.

#24 MutukulaMtz
Amri ile ilikuwa ya wageni wote, na walengwa wakubwa walikuwa wale wa Kariakoo waliotoka mbali wakaanza kuuza rejareja. Hilo la ndugu wa Jumuiya bado linajadiliwa. Ila Kijana, usichanganye mahindi na saluni.

#25 KijanaWaMbale
Sichanganyi. Amri ikisema "asiye raia", binamu yangu yumo.

#26 MpenziWaSoka (Namuwongo)
Nimepita tu. CHAN ya Agosti 2025 tuliandaa pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania. AFCON 2027 tunaandaa pamoja tena. Mashabiki walivuka Malaba na vitambulisho vyao, hakuna aliyeulizwa unyevu. Ombeni mahindi yavae jezi.

#27 MzeeWaBombo
Mpira unaandaliwa kwa tarehe. Tarehe ikikosewa CAF inahamisha mashindano. Nani anahamisha chochote ikikosewa tarehe ya Soko la Pamoja? Sarafu moja itifaki yake ilisainiwa hapa Kampala Novemba 2013, na ilipaswa kuwa mfukoni mwetu 2024.

#28 DadaWaKikuubo
Nilikuwa nasoma kimya. Naona mmesahau mafuta, na ndiyo yanayoonyesha kwamba Uganda ikitaka inaweza kusimama. Miaka yote petroli yetu ilinunuliwa kupitia kampuni za Kenya. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwisho wa 2007 tulikiona: reli iling'olewa Kibera, Kampala mafuta yakawa ya foleni. Mwaka 2023 sheria ikabadilishwa, shirika letu la mafuta liagize lenyewe. Kenya ikakataa kutoa leseni. Serikali ikafanya mambo mawili: ikazungumza na Dar, na Desemba 2023 ikapeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Machi 2024 leseni ikatoka, na Julai 2024 shehena za kwanza zikaanza kuja.

Kwa mafuta tulikwenda mahakamani. Kwa mahindi ya mama tumekwenda wapi? Maelezo yangu ni hayo: mahindi ni ya wanawake na wakulima wadogo, mafuta ni ya wakubwa.

#29 FundiForodha (Kampala)
Dada, hoja nzito. Niongeze kwamba mahakama ile haiko wazi kwa serikali tu. Ibara ya 30 ya Mkataba inaruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kushtaki kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba. Sharti ni afungue ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au alipokijua. Ndiyo maana karatasi ya majibu ni muhimu. Bila karatasi hakuna kitendo cha kushtaki.

Mama, ulitumia cheti gani cha asili?

#30 MamaWaNafaka (Bugiri)
Kile kikubwa, ajenti ndiye aliyekishughulikia na akanitoza. Kuna kingine?

#31 FundiForodha (Kampala)
Kipo cha wafanyabiashara wadogo, kilichorahisishwa. Kinatolewa mpakani pale pale kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, bidhaa ikiwa kwenye orodha, na mahindi yamo. Huhitaji ajenti. Piga hesabu: kilo ikiwa shilingi 1,000 na dola shilingi 3,700, tani saba ni shilingi milioni 7, kama dola 1,890. Unapita chini ya kiwango. Ila kinakuondolea shida ya asili tu. Masuala ya afya ya mimea na sumukuvu yanabaki.

#32 SofiaBusia
Mimi niko hapa hapa Sofia, Busia, niwaambie inavyokuwa. Kile cheti wengi wanakijua. Lakini tani saba ni lori dogo, na ukisimama kwenye foleni ya kituo cha pamoja saa nzima na lori dogo, wenzako wameshavusha magunia yao kwa baiskeli na kwa viti vya magurudumu matatu vya walemavu, gunia baada ya gunia, na upande wa pili dalali anayajumlisha kuwa lori tena. Wenye viti vile wameishi kwa kazi hiyo miaka na miaka, wanalisha familia. Kituo hiki kilipozinduliwa 2018 walisema njia za panya zitakufa. Hazijafa kwa sababu zinalipa watu wengi: mvushaji, mlinzi, dalali, na wengine nisiowataja. Mahindi yote yakipita rasmi, hao watu watakula nini? Hapo ndipo jibu la swali la mama lilipo, kwa maoni yangu. Kitale haihusiki sana.

#33 BungomaKwetu
Sofia amesema kweli, na watu hao wako pande zote mbili.

#34 MkulimaKiryandongo
Lakini Sofia, mahindi yakiwa makavu na yana cheti cha maabara, dalali atamtishia mama kwa lipi? Narudi pale pale: turubai, kikaushio cha kikundi, ghala moja, jina la kikundi kwenye gunia. Mtu mmoja hawezi kulipia kipimo cha lori. Kikundi kinaweza.

#35 ViaziKabale
Na siku wakubwa wakinuna? Kikaushio kitafungua mpaka?

#36 MamaWaNafaka (Bugiri)
Nawashukuru wote. Mkulima, kipimo cha sumukuvu kabla ya kupakia kinafanyika wapi kwa mtu wa Bugiri?

#37 FundiForodha (Kampala)
UNBS, shirika la viwango la Uganda, wana maabara Bweyogerere. Kuna na maabara binafsi Kampala. Uliza kwanza majibu yanachukua muda gani, na uulize kama upande wa pili watayapokea au watapima upya.

#38 TaniboiWaZamani (Tororo)
Watapima upya. Nimebeba mizigo yenye karatasi za Kampala, wakapima upya.

#39 DadaWaKikuubo
Basi ile sheria ya 2006 aliyoitaja Fundi #4 inafanya kazi gani? Karatasi ya Kampala ikikataliwa Busia ni kitendo tosha. Mama, ukipima safari ijayo na wakakataa, omba waandike kukataa kwao, na uweke tarehe. Vikundi vyetu vya wanawake hapa mjini vina mawakili wa kujitolea. Nitakuandikia pembeni.

#40 SofiaBusia
Hawataandika. Ila jaribu.

#41 MamaWaNafaka (Bugiri)
Nitapima. Mavuno ya pili yanaanza kuingia, na bei ya Busia leo mnaionaje, Sofia?